Taa Nyeupe za Kumuozesha Rukia

Ndugu zangu wa Biryogo, hapa Kigali, mmeniuliza vya kutosha. Tangu nirudi siwezi kuvuka barabara kununua mkate bila mtu kuniita, "Hamza, ilikuwaje huko Tabora?" Nami najibu, "Tumshukuru Mungu," halafu natazama viatu vyangu. Basi nimeona niandike mara moja, mpeane karatasi, msome wote, tuachane. Habari za vibali na mihuri naziruka, maana hakuna kati yenu ambaye hajapanga foleni hizo. Nitasema ya njiani tu, na nitaanza na ujinga wangu.

Wasiojua wajue: Rukia ni binti yangu wa kwanza. Mimi na mama yake tuliachana mtoto akiwa bado ananyonya. Mama akarudi kwao Tabora, akaolewa na Mwalimu Shabani, mwalimu wa shule ya msingi, na huyo ndiye aliyemlea. Mimi nilikuwa baba wa barua na vitenge vya Idi. Mara tatu nilimwahidi nitakwenda, mara tatu sikwenda. Mwaka huu wa tisini na mbili akaniandikia kwamba anaolewa Ijumaa, baada ya sala ya mchana. Akasema anajua baba anaweza kumwakilisha mtu mwingine, yaani kumpa uwakili, amuozeshe, lakini yeye hataki mwakilishi. Anataka baba yake aushike mkono wa bwana harusi na kuyatamka yale maneno kwa kinywa chake. Nilimjibu kwa mstari mmoja: Wallahi, nakuja.

Gatsata, siku mbili gerejini

Nilitakiwa kuondoka Jumatatu. Dada yangu Mwamini, mnayemjua kwa cherehani yake na kwa ulimi wake, alikuwa amefunga mizigo tangu Jumapili. Yeye ndiye shangazi wa bibi harusi, na shangazi hachelewi. Mimi nikasema hapana, kwanza taa.

Pikapu yangu mnaijua. Taa zake zilikuwa zile za njano za Kifaransa, hafifu, na macho yangu siku hizi giza likianza kuingia yanababaika. Nikawaza: njia ya Gatuna ya kwenda Uganda imefungwa kwa ajili ya vita, malori yote sasa yanapita Rusumo, mpaka wa Tanzania, barabara imejaa. Nikiwa na taa kali nitaendesha tangu alfajiri hadi magharibi bila wasiwasi. Nikapeleka gari Gatsata kwa Fundi Aloyizi, nikiwa nimenunua ampuli mbili nyeupe, yaani globu za taa, ambazo muuzaji alinisifia mpaka nikaona haya.

Aloyizi alizigeuza mkononi. "Hamza, hii ampuli iko na nguvu sana. Iko ya gari ya mashindano, kwa barabara hapana. Angalia hapa kwa kioo ya taa, wameandika mwisho wa nguvu. Hii inapita karibu mara mbili. Polisi akiona, ni amande, utalipa."

"Ataonaje? Atafungua kioo?"

"Hatafungua kitu. Atasikia macho inamuuma."

Nikamwambia afunge tu. Akasema nyaya za zamani zitaungua, lazima avute mpya na kuweka rilei ya kuipunguzia swichi mzigo. Hiyo ikala Jumatatu na Jumanne nzima. Ampuli zangu za njano nikamwachia pale pale, sikutaka hata kuziona. Dada Mwamini alipokuja kuniangalia, akasimama mbele ya gari nilipowasha, akafunika uso kwa mtandio. "We Hamza, unakwenda kuozesha mtoto au kuwinda sungura?"

Nilicheka. Leo nikikumbuka kicheko kile najiona mpumbavu kweli kweli.

Kabuga hadi Kayonza

Jumatano tuliondoka mara amri ya kutotoka usiku ilipokwisha na watu wakaruhusiwa kutembea. Kulikuwa na ukungu, nami nilikuwa nimewasha taa zote kwa raha zangu. Kabla ya Kabuga kuna bariyeri, kizuizi cha askari. Kila mtu anajua kwamba ukifika bariyeri unazima taa kubwa, unawasha ile ndogo ya ndani, askari waone nyuso. Mimi nilijua pia. Lakini nilichelewa kidogo, pengine kwa kunogewa, na mwanga ukawapiga askari usoni kama maji ya ndoo.

"Zima! Zima matala!" Mmoja alikuwa amekwisha shika bunduki.

Nilizima. Tukashushwa. Mizigo yote ikashushwa: sinia, vikombe, mashuka, magauni. Askari mmoja kijana akanyanyua gauni la harusi lenye shanga, akalikung'uta kana kwamba kuna bomu litadondoka. "Ni ibiki ibi?" akauliza, ni nini hiki.

"Ubukwe," Dada Mwamini akamjibu. Harusi. "Na ukilichafua, utalifua wewe."

Kijana alitabasamu, lakini mkubwa wake hakutabasamu. Tukaambiwa tukae kando. Mabasi yakapita, malori yakapita, wauza maziwa wakapita, sisi tumekaa juu ya masinia yetu. Jua lilikuwa limepanda sana tuliporuhusiwa, na yule mkubwa akaniambia kwa upole ulionitisha zaidi ya makelele, "Mzee, hizo taa zitakuua."

Kayonza tulikula mishikaki ya mbuzi na ndizi za kuchoma. Dada alikula huku akitazama jua. Mimi nikamwambia asijali, muda tuliopoteza tutaurudisha jioni kwa taa zetu. Akaniuliza, "Taa zetu? Tangu lini zimekuwa zetu?"

Rusumo, kabla ya daraja

Tulifika Rusumo mpaka umekwisha fungwa. Foleni ya malori ilikuwa imeshuka kilima chote. Tukala kwa mama mmoja aliyekaanga samaki kando ya njia, meza moja na dereva wa semi aliyejitambulisha kwa jina la Masudi, mtu wa Tanga, mnene, mcheshi, amepeleka saruji Kigali na sasa anarudi mtupu. Kati ya kuchambua samaki na kuteta bei ya dizeli alinyanyuka, akaenda kwenye lori lake, akabandua kipande cheusi cha tepu juu ya kila taa.

Nikamwuliza anafanya nini. Akashangaa. "We umevuka hapa mara ngapi?"

"Hii ya kwanza kwa gari."

Basi akanieleza, nami nawaeleza ninyi mnaofikiria kwenda. Kwetu tunaendesha kulia, kule ng'ambo ya daraja wanaendesha kushoto. Taa za gari la kwetu ukiziweka dimu, mwanga unainuka kidogo upande wa kulia ili uone ukingo wa njia. Ukivuka, ule mwanga unaoinuka unawaingia usoni wanaokuja. Kwa hiyo kila dereva afikapo darajani anabandika tepu nyeusi pembeni mwa kioo cha taa, akirudi kwao anabandua. Ni kama kuvua viatu mlangoni, alisema, hakuna anayeambiwa.

Akaninyoshea tepu yake. "Chukua, kaka. Na hizo globu zako nimeziona ukiegesha. Hizo si za barabarani. Tepu itasaidia, lakini ukifika mjini tafuta za kawaida. Za kwangu hazikufai, lori umeme wake ni mwingine, la sivyo ningekupa hata sasa hivi."

Mkono wake ulikuwa umenyooka mbele yangu. Dada Mwamini alinitazama. Nami, ndugu zangu, nikasema, "Nimekaa gereji siku mbili kwa ajili ya taa, halafu nizizibe kwa plasta?"

Masudi akarudisha mkono. "Haya bwana. Mwenye macho haambiwi tazama." Akaendelea na samaki wake, na mazungumzo yakaisha. Nampa haki yake leo, na laiti ningejua anakaa Tanga mtaa gani.

Barabara ya Kahama

Alhamisi tulivuka karibu na adhuhuri, maana lori moja lilikuwa limeharibika katikati ya foleni. Upande wa pili nilisahau mara mbili nikashika kulia. Dada akawa kazi yake ni kusema, "Kushoto, Hamza. Kushoto." Mbele lami ikaisha, vumbi likaanza, vumbi jekundu linaloingia mpaka ndani ya meno. Tulinunua viazi vitamu vya kuchemsha kwa wanawake kando ya njia, tukala navyo vumbi.

Jua lilipoanza kuzama niliwasha taa. Jamani, niliona njia yote. Kila gari lililokuja mbele likanipigia fulu, nami nikawarudishia fulu. Nikamwambia dada, "Unaona watu wa huku? Kila mtu anasalimia."

"Wanakusalimia au wanakutukana?"

Muda mfupi baadaye akatokea mtu wa baiskeli, anakuja upande wake, amepakia gunia nyuma. Nilikuwa kwenye dimu, naapa nilikuwa kwenye dimu. Nilimwona anainua mkono mmoja kujikinga macho, baiskeli ikayumba, kisha hayupo. Ametumbukia mtaroni na gunia lake.

Nilisimama nikakimbia. Dada alinipita mbio, na ana miaka hamsini na tano. Tulimkuta amekaa, karanga zimemwagika kila mahali, goti linavuja damu, mkono wa kushoto hauinuki. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo ilinimaliza. Jina lake Masanja, Msukuma, mkulima.

"Mzee," akasema, "mimi niliona jua limerudi. Nikasema, limesahau nini?"

Tulizoa karanga kwa mikono mpaka giza likatushinda. Tukampakia na baiskeli yake yenye gurudumu lililopinda, tukaenda polepole hadi Kahama, nimefunika taa moja kwa kanga ya dada. Zahanati walimfunga mkono, wakasema haukuvunjika, umeteguka. Muuguzi akauliza ilikuwaje, Masanja akaeleza kweli tupu, na muuguzi akatuma mtu kituo cha polisi.

Kahama, Ijumaa

Nilikuwa nimepanga kuondoka alfajiri. Kutoka pale hadi Tabora, tukijaaliwa, tungefika kabla ya adhana ya mchana. Badala yake, saa moja asubuhi nilikuwa nimesimama mbele ya gari langu, na trafiki mwanamke mwenye sare iliyopigwa pasi ya mkaa alikuwa amechuchumaa, anasoma maandishi ya kioo cha taa.

"Washa," akasema. Nikawasha. Akafumba jicho moja. "Zima. Mzee, hapa kuna makosa matatu. Globu imepita nguvu iliyoandikwa kwenye kioo. Mwanga haukuelekezwa chini. Na umevuka mpaka bila kuziba kioo. Taa ya gari ni ya kukuonyesha njia, na pia ya kumwachia mwenzako njia. Gari haliendi mpaka ubadilishe globu na mkaguzi alione."

"Mkaguzi yuko wapi, afande?"

"Anarudi baada ya sala ya Ijumaa."

Nikafanya kosa jingine. Nikaingiza mkono mfukoni, nikamwambia labda tunaweza kuelewana. Akautazama mkono wangu. "Mzee, jana umemtupa mtu mtaroni. Leo unataka nikuruhusu ukamtupe mwingine Nzega?"

Mimi, mtu mzima mwenye ndevu, nikaanza kulia. Sikuwa najaribu kumlainisha. Nilimweleza habari za Rukia, za ahadi zangu zote na za sala ya mchana. Dada Mwamini, ambaye nilidhani atanisimanga, alinishika bega.

Afande alisikiliza mpaka mwisho. Hakulegeza sheria hata kidogo, na sasa najua angekosea kuilegeza. Alisema tu, "Twende posta. Wana simu."

Karani wa posta alihangaika na laini karibu saa nzima. Namba niliyokuwa nayo ni ya duka la jirani wa Mwalimu Shabani. Wakamwita. Nikasikia anahema, alikuwa amekimbia.

"Umefika wapi?" akauliza. "Nipo barabarani tangu alfajiri nakuangalia."

Mnajua jinsi ninavyomsema mtu huyu. Miaka ishirini namwita "yule mwalimu". Sikuwahi kumwandikia mstari mmoja. Na sasa ilikuwa lazima nimpe kile kitu kimoja ambacho binti yangu aliniomba mimi. Nikasema, "Mwalimu, sifiki. Mimi Hamza bin Athumani, baba wa Rukia, nakuwakilisha wewe Shabani umuozeshe binti yangu." Afande na karani wakasimama karibu, mashahidi wangu, mmoja Mkristo mmoja Mwislamu, wote wameinamisha vichwa.

Upande wa pili nikasikia mikwaruzo tu. Nikadhani laini imekatika. Halafu akasema, "Alhamdulillahi. Nimekubali. Lakini nitamwomba sheikh asubiri mpaka alasiri, pengine utatokea." Simu ikakata kweli.

Globu za kawaida tulizipata saa nane, mwenye duka alikuwa msikitini. Mkaguzi akaja, akatazama, akabandika tepu nyeusi kwa mkono wake mwenyewe, akasema nenda. Nilimnunulia Masanja gurudumu jipya na gunia jingine la karanga. Alituaga kwa mkono mzima, akasema nimsalimie bibi harusi. Adhana ya alasiri ilinikuta naegesha gari nje ya zahanati, sijatoka hata Kahama.

Tabora

Tulilala Nzega, tukaingia Tabora Jumamosi asubuhi. Mazulia yalikuwa bado yametandikwa uani, masufuria ya pilau yamegeuzwa juu chini yakikauka. Wanawake walimpokea Dada Mwamini kwa vigelegele, nami wakanipokea kwa heshima. Afadhali wangenizomea.

Nikapelekwa kumwona Rukia chumbani. Nilikuwa sijamwona tangu akiwa mtoto wa mgongoni. Ana paji la uso la mama yangu. Hina ilikuwa bado imekolea mikononi. Nilianza kumweleza: bariyeri, daraja, globu, afande. Alinisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza akasema, "Pole na safari, baba."

"Nisamehe, mwanangu. Ulitaka mimi."

Akatazama mikono yake. "Baba, nikwambie kweli? Barua ile sikuiandika kwa kutaka kwangu. Mimi nilimwomba baba Shabani aniozeshe yeye. Alikataa. Alisema una haki yako, nisikuvunjie heshima, nikuandikie. Akakaa pembeni yangu nikiandika. Nikamwambia hatakuja. Akasema, safari hii atakuja. Jana watu wote walikuwa wamechoka. Yeye alikuwa anatoka kila mara barabarani kutazama. Sheikh akasema tuendelee. Yeye akasema, bado kidogo. Mimi ndiye niliyetoka nikamshika mkono nikamrudisha ndani."

Nilimpa gauni la shanga, ambalo halikuwa na kazi tena, akalipokea kwa mikono miwili akaliweka magotini.

Nje, Mwalimu Shabani alikuwa amenisubiri na birika la maji ninawe. Ni mtu mfupi, amekonda, ana doa la chaki kwenye mfuko wa kanzu hata siku ya harusi. "Mzazi mwenzangu," akaniambia, "karibu ule, pilau ya jana imebaki nyingi." Akanikalisha mahali pake. Akaniwekea nyama kwa mkono wake. Akaniuliza juu ya njia, nami nikaanza tena na Aloyizi na ampuli, jinsi zilivyong'aa, na yeye akawa anatikisa kichwa, "Lo, pole, pole sana."

Nilikaa Tabora siku nne. Tulikula pamoja asubuhi na jioni, tulisali bega kwa bega, alinisindikiza mpaka mwisho wa mji nilipoondoka. Nilikuwa na siku nne nzima za kumwambia Mwalimu Shabani ahsante kwa kunilelea mtoto, na siku zote nne nilizungumzia taa.